Meno Kumi na Sita

Asubuhi ile niliondoka nyumbani bila kujua ninakwenda wapi. Nilikuwa nimeshakamua ng'ombe wote wawili, maziwa nimeyafikisha kwa jirani anayeyakusanya, na chai nimeinywa nikiwa wima. Yeyo, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kimaa, alikaa kwenye kigoda mlangoni akichambua maharage. Aliniona nikiibonyeza cheni ya baiskeli kwa kidole gumba kuangalia kama imelegea.

"Unakwenda wapi?"

"Najaribu gia."

"Unajaribu mpaka wapi?"

"Mpaka inichoshe."

Akarudisha macho kwenye ungo. Kwenye keria nilikuwa nimefunga pampu, spana na mfuko wenye shati moja na suruali. Mtu anayejaribu gia habebi suruali ya pili. Mfuko ule aliuona, maana hakuna kitu kinachotoka kwenye boma lile asikione, lakini hakuuliza, nami sikujieleza. Nikapanda baiskeli nikateremka katikati ya migomba, breki zote mbili nimezikamata.

Boma letu liko juu ya Sakina, upande wa mlimani, mwendo wa saa nzima kwa mguu kutoka barabara ya Nairobi. Kwetu Waarusha, mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na mama. Wakubwa hukatiwa vipande vyao, wakajenga, wakaoa, wakahamia huko. Wa mwisho hupewa nyumba ya mama, ng'ombe wa mama, na mama mwenyewe. Hakuna anayekushika shati. Jambo hilo kila mtu analijua tu, kama anavyojua mvua inatokea upande gani wa mlima. Mimi ni wa mwisho kati ya wanaume wanne.

Shule niliiacha kidato cha pili. Sikufukuzwa wala sikufeli, nilichoka kukaa. Nikaenda Mererani, nikaenda Babati, Singida, mpaka Tunduma. Nimechekecha udongo wa migodini, nimepakia vitunguu, nimelinda ghala la alizeti. Kila mahali nilikuwa mtu wa kuuliza: kwa nini gunia hushonwa kwa fundo hili na si lile, nani aligundua kwamba paka wa ghalani asilishwe akashiba. Nilipokwisha kujua, nilihama. Kisha baba akafariki, nikaitwa. Nilikuja na begi la siku nne. Siku ile ninayoisimulia, begi lilikuwa limening'inia kwenye msumari uleule kwa zaidi ya miaka miwili.

Sitaki kusema nilionewa. Yeyo si mtu wa kuonea. Lakini saa kumi na moja alfajiri ng'ombe wananiita, saa kumi na moja jioni wananiita tena, na katikati ya miito hiyo miwili mtu aliyefungwa kamba yenye urefu wa saa kumi na mbili anaweza kufika wapi? Nilikuwa nimeshahesabu. Kwa mguu nafika mjini na kurudi. Kwa gari nafika Moshi, nasimama stendi, nageuza. Nilifanya hivyo mara mbili, nikashuka, nikanunua ndizi za kuchoma, nikapanda gari la kurudi.

Baiskeli niliinunua Sokon I, kwa mtu anayeuza mitumba. Ilikuwa ya zile za milimani, fremu ya aluminiamu, gia ishirini na moja. Nilidhani nimeupata ufunguo. Masika ya kwanza tu tope la kwetu likaimaliza. Siku moja ninapanda, uzi wa mgomba uliokauka ukajisokota kwenye ule mkono wa nyuma unaohamisha cheni, ukauvuta ndani ya spoki, ukavunjika. Niliibeba begani kurudi nyumbani.

Fundi niliyempelekea alikuwa Sakina, kando ya barabara, chini ya bati mbili. Mtu wa rika langu, asili yake Kilimanjaro, mnene, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, na mdomo usiotulia. Aliushika ule mkono uliovunjika kama anayeshika panya kwa mkia.

"Huu uzike."

"Haupatikani mwingine?"

"Unapatikana. Utanunua leo, mwezi ujao utakuja tena umebeba msiba uleule. Tuondoe gia zote, kaka. Tubakize moja. Baiskeli za baba zetu zilikuwa na ngapi?"

Nikasema nataka kuona. Na kweli nilitaka, kwa sababu sikuwahi kufikiri kwamba gia moja huchaguliwa. Nilidhani gia moja ni gia moja, kama vile jua ni moja. Yeye akatoa ndoo ya rangi iliyojaa friwili, zile gia za nyuma za baiskeli za kawaida, akazimwaga kwenye gunia. Meno kumi na sita, kumi na nane, ishirini. Akaanza kuzifuta moja moja, kisha akauliza swali ambalo, nilikuja kujua, humuuliza kila mteja kabla hajashika spana.

"Kwenu wapi?"

Nikajibu, "Kijenge."

Hata leo sijui kwa nini lilitoka hilo. Kijenge ni mjini, ni karibu na katikati, watu wanapanga, wanahama. Labda nilitaka kuwa mtu wa kupanga hata kwa dakika kumi, mbele ya mtu asiyenijua.

Fundi akaitazama tairi. Tope jeusi la mlimani lilikuwa limejaa kwenye mikunjo yake yote, na nyuzi za mgomba bado zilikuwa zimejifunga kwenye spoki.

"Kijenge ipi hiyo ina migomba mpaka kwenye rimu?"

Dereva wa bodaboda aliyekuwa amekaa juu ya tairi bovu akingoja kuzibiwa pancha akacheka. "Mwache, fundi. Huyo amehamia Kijenge leo asubuhi."

"Mimi nauliza si kwa umbeya," fundi akasema. "Gia ni ya kurudia nyumbani. Kwenda kila mtu anaweza. Nyie watu wa juu, kutoka kwenu ni mteremko, hata gurudumu bila pedeli linakufikisha. Nikikupa meno machache kwa sababu umesema Kijenge, jioni utanitukana. Haya, kwenu wapi?"

Nikamwambia. Akachukua ile ya meno ishirini.

Nilikaa pale mpaka mchana nikimtazama. Gia ya mbele aliiacha ile ya kati, meno thelathini na sita. Aliweka washa, kipete chembamba cha chuma, nyuma ya friwili, akazilegeza spoki za upande mmoja na kukaza za upande mwingine mpaka gia mbili zikatazamana sawasawa. Kisha akatia alama ya chaki kwenye tairi na nyingine sakafuni, akazungusha pedeli mzunguko mmoja kamili, polepole, akiisindikiza baiskeli. Akaweka alama ya pili pale gurudumu lilipofika. Hatua zake nne na nusu fupi. "Hizi ndizo unazonunua kwa kukanyaga mara moja," akasema. Nikamwomba afanye vilevile na zile nyingine, afunge tu bila kukaza. Kwa meno kumi na nane, gurudumu lilizunguka mara mbili kamili, bila kupungua wala kuzidi. Kwa kumi na sita lilikwenda mbele zaidi, likapita kizingiti na kugonga mguu wa yule wa bodaboda.

"Kijenge hiyo," akasema yule wa bodaboda.

Ile ya ishirini ilinipandisha mpaka mlangoni bila kushuka. Kaka yangu mkubwa alinikuta nikiingia bomani juu ya baiskeli, akaizunguka, akabonyeza tairi, akasema sasa hiki ni chombo cha kazi. Jumapili iliyofuata walikuja wote watatu baada ya ibada, wakala, na kaka mkubwa akasema kwamba wameshakubaliana wanisaidie. Wataleta mawe ya msingi. Nijenge nyumba ya matofali pale penye banda la zamani, nioe, Yeyo apate mtu wa kumchotea maji.

"Mimi sijasema nataka kujenga," nikasema.

"Nani amekuuliza unataka?" Alisema kwa upole, akicheka. "Bwana mdogo, wewe umetembea kwa niaba yetu sote. Mimi hata Singida sijaiona. Sasa tulia."

Yeyo alikuwa anamenya ndizi, na nilimwona akiongeza mbili kwenye sufuria ingawa walikuwa wameshakula.

Kuanzia hapo nikawa nabeba majani ya ng'ombe kwa baiskeli, nabeba maziwa, nabeba mbolea. Na nilipojaribu kutoka nayo nikagundua nilichonunua. Kwenye lami tambarare, miguu ilizunguka kama ya fundi cherehani na mimi sisogei. Nikikanyaga kwa nguvu hakuna cha kukanyaga, pedeli inakimbia kabla ya mguu. Wazee wenye baiskeli kubwa za chuma walinipita wakiwa wamekaa wima, na mmoja aliyebeba mikungu mitatu aliniambia pole. Niliweza kufika Ngaramtoni na kurudi kabla ya kukamua, na zaidi ya hapo hapana. Kamba yangu ilikuwa na meno ishirini.

Nikarudi kwa fundi.

"Nipe kumi na nane. Ile ya katikati. Itapanda kidogo, itakwenda kidogo."

"Nilijua utakuja," akasema. "Kaa uone."

Akaifunga. Cheni ikaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Akatoa pingili moja ya cheni, cheni ikagoma kufika. Akairudisha, ikaning'inia. Akanionyesha pale ekseli ya nyuma inapokaa. Baiskeli za zamani zina mfereji uliolala, unavuta gurudumu nyuma mpaka cheni inyooke. Fremu yangu ilikuwa na tundu lililosimama. Gurudumu linakaa pale tu, halisogei hata unene wa kucha. "Hii ilitengenezwa kwa ule mkono tuliouzika," akasema. "Mkono ndio uliokuwa unavuta cheni. Bila mkono, fremu yenyewe inachagua. Ishirini inakubali. Kumi na sita inakubali, natoa pingili moja tu. Kumi na nane, haiwezekani."

"Hakuna ujanja?"

"Ujanja upo. Utaendesha nao siku mbili, siku ya tatu cheni itaruka ukiwa umesimama kwenye pedeli, na meno yatakayobaki utanihesabia yako."

Nilikaa kwenye lile tairi bovu nikawaza. Nilikuwa nimekwisha kuyapanga maisha yangu kwa kumi na nane. Kukamua asubuhi, kwenda mbali kiasi, kurudi nikiwa juu ya baiskeli. Kuwa mtoto wa mwisho na kuwa mimi. Hesabu ilikuwa nzuri, mara mbili kamili, na chuma kikaikataa.

"Weka kumi na sita," nikasema.

Fundi alifuta mikono. "Kwenu bado ni kulekule?"

"Kulekule."

"Hutapanda."

"Nitasukuma."

Hakubishana tena. Alitoa pingili ile moja akanipa, nikaitia mfukoni.

Nilisukuma. Saa nzima jua la jioni mgongoni, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye kiti. Yeyo alikuwa nje. Kwa zaidi ya mwezi alikuwa ameniona nikifika juu ya baiskeli, sasa nilifika pembeni yake, shati limeloa. Ng'ombe walikuwa wanalia, nilikuwa nimechelewa.

"Imeharibika?"

"Hapana. Nimebadilisha."

Aliitazama ile gia ndogo ya nyuma, ambayo sasa haikuwa kubwa kuliko kizibo cha chupa ya maziwa. Yeyo hajui baiskeli. Lakini amepanda mteremko ule na kuni mgongoni maisha yake yote, na jambo moja aliliona bila kuambiwa.

"Kumbe umenunua ya kushukia," akasema, akanipa ndoo ya kukamulia.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Ijumaa kaka mkubwa alileta mawe ya kwanza, yakamwagwa karibu na banda. Jumamosi asubuhi ndipo nilipofunga mfuko kwenye keria.

Kwa hiyo niliposema najaribu gia, sikuwa nimesema uongo, na sikuwa nimesema kweli. Nilipofika barabara ya Nairobi niligeuza kulia kwa sababu magari ya kushoto yalikuwa mengi. Hakukuwa na sababu nyingine. Lami inapanda polepole kwenda Ngaramtoni, na meno kumi na sita yalinifanya nisimame kwenye pedeli muda wote, nikiyumba kulia na kushoto. Baada ya Ngaramtoni nilishuka mara tatu nikasukuma. Mlima ulikuwa upande wangu wa kulia, umevaa wingu mpaka kifuani, na kila nilipogeuka niliona bado ni ule ule, upande ule ule, kama mtu anayekusindikiza asiyetaka kuaga.

Oldonyosambu nilinunua maji. Hapo barabara inafika juu, kisha inaanguka kuelekea nyikani, na mtu aliyesimama pale anaona mbali kiasi kwamba macho hayajui yashike nini. Nilisimama na mguu mmoja chini. Ilikuwa bado saa tano. Nikigeuza sasa, ni mteremko mpaka Sakina, kisha saa moja ya kusukuma, nawahi kukamua. Nikishuka upande huu, kwa gia niliyo nayo, sitaweza kuupanda mteremko huu kurudi leo. Pengine hata kesho. Nilikuwa nikijua hivyo tangu siku fundi alipotoa pingili, lakini kujua ukiwa umekaa kwenye tairi bovu si kujua ukiwa umeshika breki.

Sikuamua chochote kikubwa. Vidole vilichoka kubana.

Kwa muda mrefu sikukanyaga. Upepo ulinitoa machozi, mfuko ukapigapiga nyuma yangu, mbuzi wakanikimbia kando ya barabara. Nilifikiri, haya ndiyo. Lakini mteremko ukaisha, na kwenye tambarare, pale pale nilipokuwa nimepanunulia meno kumi na sita, upepo ukanijia kifuani. Kwetu juu upepo hukatwa na migomba. Sikuwahi kuufikiria katika hesabu zangu zote. Fundi alinipimia chaki sakafuni, chini ya bati mbili, mahali pasipo na upepo. Nilikanyaga na pedeli ikakataa kama vile napanda kwetu. Barabara ilikuwa imenyooka kama mstari, hakuna kilima hata kimoja, na mimi nilikuwa nimeshuka, nasukuma.

Nilisukuma na kupanda, nikasukuma na kupanda. Magari ya Namanga yalinipita yakanitikisa. Magoti yalianza kuuma upande wa ndani. Nilicheka peke yangu, lakini si kicheko cha raha. Ishirini ilinifunga kwenye lami, kumi na sita ikanifunga kwenye nyika. Nilijiuliza kama kuna mahali popote duniani ambapo gia yangu ni sahihi, na jibu nililopata ni kipande kile cha mteremko, ambacho hata bila pedeli ningekishuka.

Saa kumi na moja, saa ya kukamua, nilikuwa bado njiani. Niliijua bila kutazama simu, mikono yenyewe iliniambia.

Longido niliifikia jua likiwa limekaa juu ya ukingo. Nilikuwa nimeipita kwa basi mara nyingi, sijawahi kukanyaga ardhi yake. Nikauliza kwenye duka la kwanza, nikaelekezwa nyumba ya wageni ya ukuta wa bluu, nyuma ya uwanja wa mnada. Mwanamke aliyekuwa pale alikuwa anapepeta mchele. Alinitazama mimi, akaitazama baiskeli.

"Karibu. Umetoka wapi na hiyo?"

"Arusha."

"Pole. Gari hukuliona?"

"Nililiona."

Akacheka kidogo, akanyanyuka kutafuta funguo. "Hiyo nayo inalala ndani?"

"Kama utaruhusu."

"Italipiwa kama mtu," akasema, kisha, "natania, kaka. Ingiza. Ila ukutani usiniegemezee, rangi bado mbichi."

Chumba kilikuwa na kitanda, stuli na dirisha la nondo. Baiskeli ilichukua nafasi yote iliyobaki, ikabidi nipite juu ya kitanda kufika mlangoni. Nilikaa kitandani, nikampigia Yeyo. Alipokea mara ya kwanza ilipoita.

"Shikamoo Yeyo."

"Marahaba. Ng'ombe nimekamua." Nyuma yake nilisikia kuku wakigombea mahali pa kulala. "Yule mweusi amenipiga teke, ila maziwa hayajamwagika. Uko wapi?"

"Longido."

"Longido," akarudia, kama anayelipima neno uzito. "Unarudi kesho?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimelitayarisha tangu Oldonyosambu, kwamba nitapakia baiskeli kwenye basi la asubuhi nirudi. Magoti yasingenipeleka mbele hata hivyo. Mbele nisingeweza kwenda na nyuma nisingeweza kupanda, kwa hiyo uongo ulikuwa mwepisi kuliko kitu chochote.

"Yeyo, sijui narudi lini."

Ndiyo mara ya kwanza kumwambia. Kila nilipoondoka zamani, tangu nikiwa na miaka kumi na sita, niliondoka yeye akiwa kwenye shamba.

Nilimsikia akiwafukuza kuku.

"Nitamwambia kaka yako mawe yasubiri," akasema. "Hayaozi. Hicho chumba kina komeo?"

"Kinalo."

"La ndani?"

Nikapiga goti juu ya kitanda, nikanyoosha mkono juu ya baiskeli mpaka mlangoni, nikalisukuma komeo ili alisikie.